Mtu Mzima wa Pili

Kakuma, 9 Februari 2025

Kwa binti yangu Nabei,

Ejok! Natumaini barua hii inakukuta na afya, tumbo limeacha kukusumbua na kile kikohozi cha vumbi kimekwisha. Mimi ni mzima kabisa, tena nimenenepa kidogo, hata kanisani wameanza kuniita bwana mkubwa. Mbuzi wako yule mweusi amezaa. Joto ni lile lile.

Barua anakuletea Lokol wa lori la mboga kwa sababu shuleni kwenu simu ni marufuku, na mimi naunga mkono. Sasa keti usikie habari. Lile shirika la afya limenipa kazi! Si ya kubeba magunia ya mahindi, la. Mimi ndiye mhamasishaji wa vijana. Nazunguka shule za kambi ya wakimbizi na za makazi yale ya Kalobeyei nikiongea nao kuhusu hizi sigara za umeme, vepu. Nina fulana, nina beji, nina kipaza sauti changu mwenyewe. Natembea na mwenzangu Spéciose, mama Mrundi, yeye kazi yake ni kuandika majina ya waliohudhuria. Kuongea ni mimi.

Aisee, vijana wa siku hizi! Wanavuta kitu kinachonukia embe, umbo lake ni la kalamu, mwalimu akipita anadhani mtu anaandika. Juzi nilikuwa nawaeleza sheria, kwamba chini ya miaka kumi na nane ni marufuku kuuziwa. Kijana mmoja anaitwa Tut, mrefu ajabu, akasimama akaniuliza, "Mwalimu, kwani mapafu yanajua siku ya kuzaliwa? Nikilala wa kumi na saba nikiamka wa kumi na nane, kumebadilika nini kifuani?" Nikamwambia atoke nje akasimame juani mpaka apate jibu. Watu walicheka, we! Mzee Marial, mwenyekiti wa wazazi, alinishika mkono akasema hajawahi kuona mtu anayejua kuongea na watoto namna yangu. Binti yake Abang yuko Form Two hapo kwenu. Ameomba umwangalie, ni mdogo wako huyo.

Wewe sina wasiwasi nawe. Mtoto wangu hawezi kugusa uchafu ule.

Jambo moja. Nimetafuta kitambulisho chako sandukuni sikioni. Wale wa mradi wa nyumba wanataka kukiona tena kabla ya kuweka mlango na madirisha. Ulikichukua Desemba? Unajua tulivyokipata. Mradi ulitaka nyumba yenye watu wazima wawili, na mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa ameshatuacha. Ndipo Mzee Lokaale akaapa mbele ya chifu kwamba ulizaliwa ule ukame wa kwanza, wa elfu mbili na sita, badala ya huu wa pili wa elfu mbili na tisa, na mimi nikaitikia. Kwa hiyo karatasi ile si ya kuchezea. Ifiche, usimwonyeshe mtu.

Ni mimi baba yako akupendaye,
Ruben Lokiru


Lodwar, 23 Februari 2025

Kwa Baba, mwalimu wa vijana, mwenye kipaza sauti chake mwenyewe,

Ejok, Baba. Mimi ni mzima, tumbo limetulia, kikohozi nimewaachia Form Two. Habari ya mbuzi imenifurahisha, ila usimchinje kwa kusherehekea beji.

Hongera kwa kazi. Haki nilicheka hiyo habari ya Tut mpaka matroni akaja kuuliza kuna nini. Lakini Baba, mbona ulimtoa nje? Swali lake lilikuwa zuri. Hata mimi ningependa jibu.

Kitambulisho ninacho. Ulisema ni changu, kina sura yangu na vidole vyangu, nikabeba. Usiogope, hakuna chifu anayelala bwenini. Darasa zima ni mimi tu mwenye nacho, sasa wananiita Mama Nabei. Jumamosi ya kutoka, tukienda mjini, mimi ndiye ninayetumwa kununua vitu vya watu wazima. Kuna duka karibu na stendi, mwenyewe ni mtu wa sheria kweli kweli, amebandika karatasi, "Chini ya 18 hatuuzi." Anasoma kitambulisho mbele, anakigeuza, anasoma nyuma, halafu ananirudishia na kusema, "Karibu, madam." Madam! Mimi ambaye kila Jumatatu nakaguliwa kucha.

Sasa nakuuliza kitu, na usinisimamishe juani. Ukiwa na hao vijana, huwa unawauliza ama unawaambia tu? Kwa sababu umejaza kurasa mbili na vepu, na hakuna mahali umeandika, "Nabei, wewe je, umewahi kujaribu?" Umeandika kwamba siwezi. Niulize basi. Nikiulizwa nasema ukweli, unanijua.

Siku ya wazazi ni tarehe 15 Machi. Uje, Baba. Usilete chochote, tukae tu chini tuongee.

Mwanao,
Nabei


Kakuma, 20 Machi 2025

Kwa Nabei binti yangu mwenye mdomo,

Pokea salamu za hapa nyumbani, na za Spéciose, anasema anataka kukuona vile nimekusifu. Nadhani shuleni mko salama na mvua hiyo ya juzi haikuwaletea malaria. Mimi mgongo kidogo, ni kwa kusimama sana.

Tarehe 15 sikuja, najua umenuna. Ungekuwa hapa ungenisamehe. Wakubwa walitoka Nairobi na magari manne! Uwanja wa shule ulijaa vijana. Mimi nikiita, "Mapafu yako!" wao wanajibu, "Maisha yako!" Nikiita tena, wanajibu tena, mabati yanalia. Nilipigwa picha, wanasema wataichapisha kubwa na kuibandika kila shule. Mtu hawezi kuacha jambo la namna hiyo akaenda kukaa chini ya hema la wageni anywe soda.

Kuhusu maswali yako. Mtoto hamwulizi baba kwa nini hakuulizwa. Mimi nimesomea mambo haya siku tatu, semina nzima. Kumwuliza mtoto wako kama amevuta ni kumpa wazo la kuvuta. Watoto wa watu ndio wenye shida, wewe umelelewa. Hizo habari za dukani nimezisoma mbio mbio kwa sababu gari lilikuwa linaningoja. Natumaini vitu vya watu wazima ni sabuni na wembe, na sitaki kusikia zaidi.

Mlango wameweka. Madirisha yanangoja kitambulisho. Shule ikifungwa Aprili uje nacho, na usikipitishe kwa Lokol.

Baba yako,
Ruben


Lodwar, rumande ya wanawake, 11 Aprili 2025

Kwa Baba mpendwa,

Ejok. Natumaini mgongo umepoa na kazi inaendelea. Mimi nina afya, naandika hivyo kwa sababu barua huanza hivyo.

Nadhani umeshasikia, lakini sikia kutoka kwangu. Ndiyo, Baba, nimejaribu. Ya kwanza ilikuwa ya mchezo, Januari. Kisha kila msichana akitaka ananituma, maana mwenye kitambulisho ni mimi peke yangu. Nilipenda kutumwa, sitadanganya. Nilipenda kuitwa madam. Abang aliniomba nikakataa, akaomba tena nikakataa, mara ya tatu akalia nikampa. Sikujua ana pumu. Tarehe 26 Machi alianguka bafuni, midomo imegeuka rangi, anavuta hewa haingii. Nilimbeba mgongoni mimi mwenyewe mpaka kwa matroni. Wanasema atapona. Siwezi kula nikimkumbuka.

Walikuja polisi wakapekua mabweni. Tulipatikana nazo watano. Wanne waliitiwa wazazi, wakaandika barua za kuomba msamaha, wakaenda nyumbani, kwa sababu ni watoto. Mimi askari alitoa kitambulisho kwenye sanduku langu akakisoma kwa sauti. Akasema, "Huyu ana miaka kumi na tisa. Huyu si mwenzao, huyu ndiye aliyewauzia." Nikasema nina kumi na mitano. Akanicheka. Wanawake wa hapa wanasema kila mtu hupunguza miaka akifika kituoni.

Hakimu hakucheka. Alinipeleka kwa daktari. Daktari alinifungua mdomo akahesabu meno, akaandika "kati ya kumi na tano na kumi na tisa," basi, nimebaki pale pale. Hakimu akasema aletwe mzazi, aseme mwaka niliozaliwa, na alete kadi ya ubatizo kama iko. Nikiwa mtoto kesi inahamishwa, naweza kurudi shule. Nikiwa mtu mzima nitahukumiwa hivyo, na mtoto wa watu alikaribia kufa.

Kadi ya ubatizo unayo. Kesi ni tarehe 29 Aprili, saa tatu asubuhi. Baba, sikuombi unitetee. Nilifanya, niadhibiwe. Njoo useme tu mwaka niliozaliwa.

Mwanao,
Nabei


Kakuma, 24 Aprili 2025

Nabei,

Barua nimepata. Mwili ni mzima. Roho usiulize.

Umenimaliza. Unajua umenimaliza? Mzee Marial alikuja mpaka ofisini akaniambia mbele ya watu, "Nilikukabidhi binti yangu." Mkubwa wangu akauliza, "Kwani huyo Nabei Lokiru ni wako?" Nikasema ni binti wa ndugu yangu, nimemlea tu. Ulitaka nijibu nini? Nimevaa fulana. Picha yangu iko ukutani kila shule na maneno chini yake. Mama yako angekuwa hai ungemwua mara ya pili.

Sasa unataka nisimame nidai una kumi na mitano. Umefikiria? Nikisema hivyo, swali linalofuata ni nani alidanganya kwa chifu. Ni mimi. Na ni Mzee Lokaale, mzee haoni tena, anashikwa mkono kwenda choo. Huyo ndiye unataka afungwe kwa sababu yako? Na nyumba watakuja kung'oa mabati. Na kazi ndiyo kwaheri. Watu wawili waharibikiwe ili wewe upate kurudi darasani!

Kadi ya ubatizo niliichoma mwaka jana siku tuliyotoka kwa chifu. Usinitafute nayo.

Kwa serikali wewe ni mtu mzima. Ulipenda kuwa madam, sasa ubebe. Kubali kosa, lia kidogo mbele ya hakimu, utapewa kifungo kifupi. Watu wanafungwa na wanatoka, hawafi. Ukiendelea na habari ya kumi na mitano utazeekea rumande.

Spéciose ana safari ya Lodwar, nimempa sabuni ya mche na taulo akuletee. Omba Mungu.

Ni mimi baba yako, lakini usiandike neno hilo juu ya bahasha.


Lodwar, rumande, 6 Mei 2025

Kwa Baba (ndani ya bahasha nadhani inaruhusiwa),

Ejok. Sabuni imefika, taulo limefika. Uko mzima? Mgongo?

Tarehe 29 nilikuwa kortini kabla ya saa mbili. Barua yako nilikuwa nayo lakini niliamua kutoiamini. Kila mlango ukifunguliwa nageuka. Alikuja mwenye mandazi, akaja wakili wa mtu mwingine, akaja mzee mmoja mwenye koti la bluu nikainuka, kumbe si wewe. Hakimu akaniuliza, "Baba yuko wapi?" Nikasema yuko njiani. Nimekudanganyia, unaona? Ameahirisha mpaka tarehe 27 Mei, akasema ni mara ya mwisho.

Nakaa na mwanamke anaitwa Akoru, ameshikwa na pombe ya kienyeji. Siku ya kwanza alinitazama, hata jina hajauliza, akaniambia, "Wewe ni mtoto. Umekula?" Akanipa mkeka wake wa makuti ya mkoma, yeye akalala kwenye saruji. Aliniuliza kila kitu. Nilianza lini, nilisikia nini kifuani, ni nani alinifundisha, nilikuwa nawaza nini. Hakunihubiria hata kidogo. Siku mbili tuliongea. Nilimwambia mambo ambayo nilikuwa nimekuwekea wewe.

Na Spéciose amenikalia hapa saa nzima analia. Anasema hawezi kuniangalia machoni. Nikamwuliza kuna nini. Baba, ni kweli? Ni kweli unazunguka shule na kile kipaza sauti ukisimulia habari ya "mwanamke wa miaka kumi na tisa kutoka Lodwar aliyewaharibu watoto wa watu"? Anasema hadithi hiyo ndiyo wanaipenda kuliko zote. Anasema unaigiza hata sauti yangu nikilia kituoni. Sauti hiyo ulisikia wapi? Hukuwepo!

Nilikasirika kweli kweli. Nilikuita majina ambayo sitayaandika. Akoru alinishika mabega mpaka nikanyamaza.

Bado nakuita. Sina mwingine. Kanisani lazima kuna kitabu, padri hakuchoma kitabu. Tarehe 27, saa tatu. Sitaandika tena kukuomba.

Mwanao,
Nabei


Kakuma, 19 Mei 2025

Nabei, mwanangu, mtoto wangu,

Sijui nianze vipi. Nilitaka kuandika hujambo nikaona aibu. Mimi sina afya, silali.

Ni kweli yote Spéciose aliyokuambia. Jumatano nilikuwa katika shule ile ya Mzee Marial. Nilifika pale pa mwanamke wa miaka kumi na tisa, watoto wametega masikio, na mimi nimenogewa. Akasimama msichana mstari wa mbele. Ni Abang, karudishwa nyumbani, sauti bado haijarudi vizuri, ikabidi watu wote wanyamaze ndio asikike. Akasema, "Mwalimu, yule si mwanamke. Ni Nabei. Mimi ndiye nilimlilia mpaka akanipa, na yeye ndiye alinibeba. Aliniambia wewe ni baba yake." Mzee Marial alikuwepo. Watoto mia mbili wakanitazama.

Nilizima kipaza sauti nikatoka. Sikurudi ofisini. Nilikwenda moja kwa moja parokiani, nikamwomba padri kitabu cha zamani. Jina lako liko. Yule padri wa wakati ule hakuwa anaandika majina yetu ya Kiturkana, ameandika la ubatizo tu: Jessica, binti wa Ruben Lokiru, miezi mitatu, Desemba 2009. Nilishika ile karatasi nikalia kama mtu aliyefiwa. Ulikuwa mdogo, maji yalipokugusa ulipiga kelele mama yako akacheka.

Padri ameniandikia nakala na kupiga mhuri. Nimekwenda kwa Mzee Lokaale nikamwambia ninachotaka kufanya. Akasema nimwambie hakimu kwamba yeye ni mzee aliyechanganya ukame. Nyumba waichukue. Kazi waichukue. Wakinifunga, wanifunge, lakini wewe utoke.

Nakuja tarehe 27. Nitasimama na nitasema. Nisamehe, mwanangu, kama unaweza. Kama huwezi, nitakuja tu.

Baba yako, nimeliandika hata juu ya bahasha,
Ruben Lokiru


Lodwar, gereza la wanawake, 4 Juni 2025

Baba,

Mimi sijambo. Nimetolewa rumande, nimepewa sare, inanipwaya mabegani, Akoru ameishona kidogo. Yeye pia amehukumiwa, tuko pamoja. Sijui wewe uko vipi. Mara ya mwisho nilikuona umekaa chini sakafuni pale nje ya korti.

Nakuandikia kwa sababu ulipiga kelele "Kwa nini?" na sikupewa nafasi ya kujibu.

Barua yako ya tarehe 19 niliipata. Niliisoma mpaka Akoru akaijua kwa moyo. Nilikusamehe, nataka ujue hilo. Ulipoingia mlangoni na koti la kanisa na ile karatasi ndani ya plastiki, nilikuwa nimeshakusamehe yote, hata kadi uliyochoma, hata hadithi uliyowasimulia watoto. Nilikuwa nimepaka miguu mafuta ili usinione nimepauka.

Na ulisema. Ulisimama ukasema, "Mheshimiwa, huyu ni mwanangu, ana miaka kumi na mitano, aliyedanganya kwa chifu ni mimi." Hukutetemeka. Nilitaka kuruka kile kizuizi nikushike. Hakimu akasoma karatasi, akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa imekwisha, Baba. Nilikuwa mtoto tena.

Ndipo akakuuliza lile swali moja, kwa upole tu, hata hakuwa anaandika. "Mzee, wewe kama mzazi, uliwahi kuongea na mtoto huyu kuhusu vepu?" Haukuwa mtego. Ungesema hapana. Ungesema aliniomba nimwulize nikakataa. Hakuna kitu kingebadilika kwenye kesi. Lakini ulilinyoosha koti, na ikatoka ile sauti yako ya kwenye kipaza sauti, ambayo Spéciose alikuwa ameniigizia. "Mara nyingi, mheshimiwa! Kila akija nyumbani namketisha, namwuliza, namsihi. Mimi ndiyo kazi yangu. Lakini vijana wa siku hizi, ukiongea nao hawasikii." Ukageuka nyuma, ukawatazama watu kwenye mabenchi, unangoja wakupigie makofi.

Nilikutazama nikasema moyoni, huyu hajabadilika na hatabadilika.

Hakimu akafurahi. Akasema vizuri, basi mtoto atarudi nyumbani chini ya uangalizi wako, kwa kuwa unajua kumwongoza. Akanigeukia. "Nabei, umesikia. Sema mwenyewe, una miaka mingapi?"

Nikasema kumi na tisa.

Akadhani sikuelewa, akarudia. Nikasema kumi na tisa, mheshimiwa, kama ilivyo kwenye kitambulisho. Akaniuliza, na huyu Jessica wa kitabu cha kanisa? Nikamwambia Jessica alikuwa mdogo wangu, alikufa, na mzee huyu anasema hivi kwa huruma, msimfanye kitu. Hapo ndipo ulipiga kelele na askari wakakutoa. Hakimu akaiweka kando ile karatasi. Akasema si mara ya kwanza mzazi kuleta kitabu cha marehemu, na kwamba kitambulisho cha serikali ni kitambulisho cha serikali. Miezi tisa.

Usidhani nilikuwa nakulinda. Nyumba utabaki nayo, kazi labda watakurudishia, Mzee Lokaale atalala usingizi wake, lakini hayo yametokea tu, sikuyafikiria. Nilisema vile kwa sababu mtoto hurudishwa kwa baba yake, na mimi sitaki kurudishwa kwako. Mtu mzima haulizwi anataka kwenda na nani.

Akoru alinitukana siku mbili. Ananiita mjinga, anasema miezi tisa si mchezo na baba ni baba. Labda anasema kweli. Nimelia, sitakuficha, na kuna saa nimejuta. Abang ameniletea salamu kupitia kwa Spéciose, amepona, amerudi darasani. Hilo ndilo jambo zuri nililo nalo.

Afande anasema jamaa wanaruhusiwa kutembelea Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Mwezi wa tisa nitatimiza miaka kumi na sita nikiwa humu ndani. Usije.

Nabei